Gitaa Lililotoa Watu Kanisani

Mmmmmm. Hivyo tu. Haikuwa noti wala wimbo. Ilikuwa kama mutu mnene aliyefunga mdomo na kuimba kwa pua bila kuchoka. Hata sasa nikifumba macho naisikia: inaanzia sakafuni, inapanda miguu ya mabenchi, inafika kwenye mabati ya kanisa letu dogo la Katindo, hapa Goma, na kuanza kuyatetemesha. Ilikuwa sauti ya gitaa langu wakati silipigi.

Nasema langu, lakini lilikuwa la kwaya. Kijana aliyekuwa analipiga alipata kazi Kampala. Alinifundisha akodi nne kwa wiki mbili, akaniachia gitaa, mkanda wake, na ampli, sanduku la mbao la kukuzia sauti, lenye tundu ambalo panya walilipenda. Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa. Shule nilikuwa nimeiacha mwaka wa nne wa sekondari, na kichwani nilikuwa nimeshapiga Kinshasa, Nairobi na Paris, nimevaa koti jeupe, watu wanalia. Kwaya ilinikubali kwa kukosa mwingine. Mukubwa wa kwaya, papa mmoja, ndivyo tunavyowaita wababa, mwuza viatu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitangaza mbele ya wote: "Tukamate huyu, tukingojea mwanaume." Nilicheka pamoja nao. Bado nacheka, maana huyo mwanaume hajafika.

Mwaka ule vita vilikuwa vimerudi upande wa Rutshuru. Watu walishuka kwa miguu wakiwa na magodoro vichwani, wengine wakasimama kambini Munigi, wengine wakaingia mjini na kupokelewa na yeyote mwenye sakafu. Kwetu tulipokea mama mmoja na mtoto wake wa kike wa miaka sita, pamoja na kachanga ka mgongoni. Mama yangu ni fundi wa kushona. Yule mama alimletea sakoshi, mkoba wake, iliyopasuka aishone, wakaongea, wakaongea, na jioni mama yangu akasema: "Na sasa utarudi Munigi kulala chini ya hema sababu gani? Salon iko pale." Basi akabaki, akalala na watoto sebuleni. Sisi tulimwita Mama Rutshuru, na yeye aliitika bila shida.

Jumapili ile, baada ya komunyo, padri alikaa, watu wakainama. Kimya. Nikaondoa mkono kwenye nyuzi ili nipanguse jasho. Kidole kikiwa juu ya nyuzi, gitaa lilikuwa linanung'unika kidogo tu. Kidole kikitoka, linajiachia.

Mmmmmm.

Nyuma kabisa, kwenye mabenchi ya watu wa Rutshuru, watu walisimama. Hawakupiga kelele. Hilo ndilo lilinishika roho: walisimama kama watu wanaojua kazi yao, wakafunga watoto migongoni, wakatoka kwa mlango wa pembeni, mmoja nyuma ya mwingine, na walipofika nje wote waliinua nyuso na kuangalia mawingu. Walikuwa wamesikia ndege. Ndege yenyewe ilikuwa mimi.

Mama Rutshuru alitoka wa kwanza. Alikamata mkono wa mtoto, akakimbia hadi barabara kubwa, na pale barabarani yule mtoto akamwambia kwa adabu: "Mama, miye niko na mama yangu." Alikuwa amekamata mtoto wa mutu mwingine.

Jioni tulikaa tunachambua maharagwe, mama yangu akashindwa kujizuia.

"Na wako ulimuacha wapi?"

"Wangu alikuwa nyuma yangu, anabeba viatu vyangu!"

Walicheka hadi mama yangu akashika mbavu. Mimi nilicheka pia, lakini macho yalinichoma. Nilimwomba msamaha. Mama Rutshuru alinipiga kofi dogo la upendo gotini.

"Kichwa yangu inajua ni gitare, mwanangu. Ni miguu ndiyo haitaki kujua."

Na kweli, miguu haikutaka. Jumapili iliyofuata aliongozana na sisi hadi mlangoni, kisha akabaki nje, chini ya dirisha, kachanga mgongoni. Akaimba kutoka pale. Mungu wangu, sauti ile! Ilikuwa sauti ya pili, nzito na laini, ilipita katikati ya nondo za dirisha na kuingia chini ya wimbo wetu kama mutu anayesaidia kuinua meza. Wanakwaya waligeuza vichwa. Mukubwa wa kwaya alisahau kupiga mikono. Baada ya misa alinivuta pembeni.

"Sauti kama ile inaimba na kuku huko inje, sababu ya kelele yako!"

"Papa, si kelele yangu, ni ya gitare."

"Nani anabeba gitare?"

Nikalibeba, nikaenda nalo nyumbani.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kubadilisha kifungo cha kupunguzia sauti, maana cha zamani kilikuwa kimekufa. Nilitoa kingine kwenye redio mbovu, nikalehemu kwa msumari mkubwa niliouchoma kwenye makaa ya mbabula, jiko letu, kwa kuwa umeme wetu ulikuja ulipojisikia. Kilifanya kazi. Wakati wa kimya niliweza kuzima kabisa. Lakini zaburi haipigwi hivyo. Zaburi ni noti moja, pumzi, noti moja. Katikati ya noti huwezi kuzima na kuwasha kama mutu anayecheza na taa. Na mle katikati ndimo lile nung'uniko lilijipenyeza. Mama Rutshuru alibaki dirishani.

Mukubwa wa kwaya akaenda kumwuliza fundi wa umeme. Alirudi amejaa furaha: kitu kinachokosekana ni ardhi tu. Unapiga chuma chini, unafunga waya kutoka kwenye ampli hadi kwenye chuma, kelele inashuka ardhini, kwisha. Alichukua nondo na nyundo, akaenda nyuma ya sakristia, kile chumba cha padri cha kuvalia. Alipiga mara tatu. Cheche ziliruka, nondo ikapinda kama ndoana. Alikuwa amesahau mahali anapoishi. Goma tumejenga juu ya mawe yaliyomwagwa na mlima. Hapa hata kuchimba shimo la choo ni kesi ya miezi.

Hakukata tamaa. Siku ya mazoezi alikuja na gunia la udongo mweusi kabisa, aliouomba kwa dereva wa lori la kabichi. Akaumwaga kwenye ndoo ya rangi, akaumwagilia maji, akachomeka chuma, akafunga waya. Kwaya nzima ilizunguka ile ndoo kama kitanda cha mgonjwa.

"Sasa kelele itaingia mu udongo. Washa."

Nikawasha. Mmmmmm.

"Ongeza maji."

Tukaongeza. Mmmmmm.

"Ngojeni, haiyazoea bado," alisema.

Kichwa cha Mama Rutshuru kilitokea dirishani.

"Papa, samahani. Chini ya ule udongo kuko nini?"

"Ndoo."

"Na chini ya ndoo?"

"Simenti."

"Na chini ya simenti?"

"Si mawe, mama! Iko Goma!"

"Basi kelele itapita wapi? Umeifungia mu ndoo, inazunguka tu kama samaki."

Mpiga ngoma alianguka chini kwa kucheka. Mukubwa wa kwaya alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mama Rutshuru alinyoosha mkono kupitia nondo za dirisha, akaomba apewe udongo kidogo. Aliunusa. "Huu ni wa kwetu," alisema, na uso wake ulibadilika kidogo. Ndoo tuliibeba hadi nyumbani siku ile ile, na kabla ya giza alikuwa ameshapanda vitunguu ndani.

Lakini mukubwa wa kwaya alikuwa ameaibika, na mutu aliyeaibika hutoa amri.

"Hadi Pentekoste," aliniambia. "Siku ile ninataka ule mama aimbe ndani. Kama gitare iko inalia vile, nafunga gitare mu kabati ya sakristia, na ufunguo nabaki nao miye."

Nilikuwa na wiki tano. Nilitaka vitu viwili kwa nguvu zote: yule mama aingie, na mimi nisitoke.

Yule kijana wa Kampala nilimwandikia kwa simu. Alinitumia picha ya ukurasa mmoja wa kitabu, kwa Kifaransa, wenye mchoro. Nilielewa nusu, na ile nusu niliisoma hadi ikawa kama sala. Chini ya nyuzi za gitaa kuna kisanduku kidogo tunachokiita mikro. Ndani yake ni sumaku, na waya mwembamba sana uliozungushwa maelfu ya mara. Mikro inasikia nyuzi, lakini inasikia pia umeme wa ukutani, na ule umeme ndio unanung'unika. Dawa, kilisema kitabu, ni kuweka mikro ya pili iliyogeuzwa kinyume na ya kwanza. Kelele inaingia kwenye zote mbili, zinasukumana kama wanaume wawili wenye nguvu sawa, hakuna anayesogea. Gitaa letu lilikuwa na mikro moja. Mahali pa pili palikuwa tundu tupu, limezibwa na plastiki ya kubandika.

Nikasema, nitaitengeneza. Nilisema hivyo kama mutu anayesema atapika ugali.

Waya niliupata kwenye transfo, yaani transfoma, ya redio ile ile mbovu. Ulikuwa mwembamba kuliko unywele, rangi ya asali. Niliufungua taratibu, nikiuvuta kutoka mlango hadi dirishani, na mtoto wa Mama Rutshuru aliamriwa asipumue. Kwa mwili wa mikro nilikata vipande viwili vya kifuniko cha ndoo, nikapitisha misumari sita iliyokatwa vichwa, kila uzi na msumari wake. Sumaku nilizitoa kwenye vifungo vya sakoshi, vile vinavyojifunga vyenyewe, tak! Mama yangu alikuwa na mkebe mzima.

"Nani amekula sumaku ya sakoshi ya mutu?" aliuliza asubuhi.

"Mama, ni kwa kanisa."

"Mwenye sakoshi iko muprotestanti."

Alininunia saa moja, kisha akaniachia cherehani yake. Kile kigurudumu kidogo cha kujazia uzi kwenye bobini ndicho kilikuwa mashine yangu. Niliifunga mikro pale, nikakamata waya kwa vidole viwili, mama yangu akakanyaga pedali polepole. Nilikuwa nimepima: kanyago moja, mizunguko kumi na mbili. Nilihitaji kama elfu saba. Nani atahesabu?

Mama Rutshuru alisogeza sahani yake ya maharagwe. Kila makanyago kumi, harage moja linahamia upande wa pili.

Tulifanya kazi hivyo alasiri tatu, wanawake watatu na cherehani isiyoshona kitu. Majirani walipita wakachungulia.

"Munashona nini hapo?"

"Tunashona kimya," alijibu mama yangu, na jirani akaenda zake akitikisa kichwa.

Kwenye harage la thelathini na moja waya ulikatika. Nililia. Kweli, nililia kama kachanga, pua na kila kitu. Mama yangu hakuacha hata kiti chake.

"Si ni uzi? Uzi unafungwa."

Nikakwangua ncha mbili, nikazisokota, nikazigusa kwa msumari wa moto. Tukaendelea.

"Ile kitu itanyamazisha kweli?" Mama Rutshuru aliniuliza, macho kwenye maharagwe.

"Nafikiri, mama."

"Unafikiri ao unajua?"

"Naota."

"Basi ota mbio. Pentekoste iko karibu."

Siku nilipoifunga kwenye gitaa, umeme ulikuja mchana. Nilimwomba Mama Rutshuru atoke kwanza aende uani kwa vitunguu vyake. Nikawasha. MMMMMM! Mara mbili ya zamani. Wanaume wangu wawili badala ya kusukumana walikuwa wameshikana mikono. Nilizima haraka. Kutoka uani nikasikia: "Niko hapa, sijakimbia!"

Nikabadilisha waya, ulioingia ukatoka, uliotoka ukaingia. Nikawasha. Kimya. Kimya kabisa! Niliruka, nikagonga meza, nikamkumbatia mama yangu na mkasi wake mkononi. Kisha nikapiga akodi. Ikatoka sauti nyembamba, ya huruma, kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Kelele ilikuwa imekufa na wimbo umekufa pamoja nayo.

"Hii ni gitare ama ni mafua?" mama yangu aliuliza.

Siku mbili sikula vizuri. Nilikaa na ile picha, na sumaku mbili zilizobaki, nikizichezea mkononi bila kufikiri. Upande mmoja zinabusiana. Ukigeuza moja, zinakataana, moja inateleza kando kama binti aliyeudhiwa. Nikaigeuza tena. Nikaangalia mchoro. Pale chini ya kila mikro kulikuwa na herufi ndogo ambazo nilidhani ni alama za mchapishaji: kwenye mikro ya kwanza N iko juu, kwenye ya pili S. Kumbe kitabu kilitaka vigeuzwe vyote viwili, waya na sumaku pia. Kelele haijui sumaku, inafuata waya tu, kwa hiyo inauawa. Nyuzi zinavijua vyote viwili, kwa hiyo zinapona. Nilikuwa nimegeuza nusu tu ya ndoto.

Nilifungua, nikabandua sumaku, nikazilaza kifudifudi, nikafunga. Akodi ya kwanza ilitoka nene, ya joto, kama uji mzuri. Niliondoa mikono. Nilisikia vitunguu vikikaangwa kwa jirani.

"Imelala?" aliuliza mama yangu.

"Iko macho, mama. Imenyamaza tu."

Hapo ningeacha. Lakini mimi na ndoto zangu! Ile mikro ya zamani ikiwa peke yake ilikuwa na sauti kali, ya kung'aa, inayofanya mabega ya watu yajisogeze. Niliionea huruma kuipoteza. Nikaweka kifungo kidogo kutoka redioni: kikiwa chini, mikro mbili na kimya; kikiwa juu, moja tu, kung'aa na kelele yake. Kwenye mazoezi niliwaonyesha vijana. Mpiga ngoma aliposikia ile ya juu alisimama kwenye kiti. Toka siku ile, kila wimbo wa mwisho, walipiga kelele: "Juu! Weka juu!" Nami nilijiona tayari niko Paris.

Pentekoste. Mama Rutshuru aliingia. Alikaa benchi la mwisho, karibu kabisa na mlango, viatu miguuni, tayari. Zaburi ilifika. Noti moja, pumzi. Noti moja, pumzi. Katikati kulikuwa na pikipiki ya mbali, na kachanga kanakonyonya. Kwenye ubeti wa pili sauti ile nzito iliinuka, safari hii ndani, chini ya mabati yetu, na sikuweza kumwangalia kwa sababu ningekosea akodi. Baada ya komunyo niliinua mikono yangu yote miwili, juu, kama mutu aliyesimamishwa na askari. Hakuna kitu. Mukubwa wa kwaya alivua miwani.

Kisha ukaja wimbo wa kutoka, ngoma, vigelegele, watu wote wamesimama, na mpiga ngoma nyuma yangu: "Juu!" Kidole changu kilikwenda chenyewe. Ile sauti kali ikaruka kanisani, na chini yake, sekunde moja, mbili, lile nung'uniko. Ngoma zilikuwa nyingi, nadhani hakuna aliyelisikia. Lakini nilikuwa naangalia nyuma, na niliona mkono wa Mama Rutshuru ukitafuta mkono wa mtoto wake na kuukamata. Hakutoka. Alibaki amesimama, akiendelea kuimba, na ule mkono haukuachia.

Nilirudisha chini. Nje, mbele ya watu, alinikumbatia, akasema nimepiga muzuri. Mukubwa wa kwaya alimwandika kwenye daftari la kwaya pale pale, na mimi aliniambia gitaa nibaki nalo, "tukingojea mwanaume."

Jumatatu mama yangu alikwenda sokoni kununua uzi. Mama Rutshuru alikuwa amekwenda kufua nguo ziwani pamoja na watoto. Nyumba ilikuwa yangu. Nililaza gitaa juu ya meza ya cherehani, nikafungua skrubu nne za mgongo wake kwa ncha ya kisu. Niliweka kifungo juu, nikapiga nyuzi mara moja, taratibu, bila ampli, kuiaga ile sauti. Kisha nikachukua kikata kucha cha mama, nikakata waya mwekundu unaokwenda kwenye kifungo, nikaunganisha mikro zote mbili moja kwa moja, ile ya zamani isipige tena peke yake, nikalehemu, nikapuliza hadi ikapoa. Kifungo chenyewe sikukitoa. Nilikijaribu: kinapanda, kinashuka, tak, tak, hakifanyi kitu. Mpiga ngoma atapiga kelele, nami nitakiweka juu. Nikarudisha skrubu moja baada ya nyingine, nikakaza.